Haya Iliyomnyamazisha Mama Mdogo



Mwezi wa harusi yangu nilijua kila kitu kuhusu singo, liwa na udi. Somo yangu hakuacha neno. Mama mdogo alikuwa aje kutoka Dodoma kunipamba, lakini hakuja. Alisema ana bawasiri, hawezi kukaa kitako safari yote hiyo.

Fungate ilipokwisha, nilipanda boti, kisha treni, nikamfuata. Nilimkuta Hospitali ya Benjamin Mkapa, amekonda, buibui linampwaya. Haikuwa bawasiri, ilikuwa saratani ya utumbo mpana. Damu chooni alikuwa akiiona kwa miezi minane.

"Ningemwambia nani, mwanangu? Mambo ya choo hayo."

Daktari alinichorea kwenye karatasi. Ukuta wa ndani wa utumbo una vishimo vidogo vidogo. Chembe hai, yaani seli, huzaliwa chini ya kishimo, kisha hupanda zikiwa zimeshikana kama safu ya wanaoswali. Zikifika juu, kazi yao imekwisha: hudondoka na kutoka na choo. Safari yote huchukua siku 3 hadi 5 hivi. Utando ulio nao leo si wa Ijumaa iliyopita. Subhanallah!

Seli ya saratani huikataa safari hiyo. Wakati wake wa kuondoka ukifika, haiondoki. Huzaana bila kipimo, huachana na wenzake, na badala ya kupanda huchimba kwenda ndani: kwenye misuli, kisha kwenye mishipa. Mara nyingi ini ndilo hushambuliwa mapema, kwa sababu damu itokayo utumboni hupitia huko.

Ya mama mdogo ilikuwa imefika kwenye misuli, ini bado. Alikatwa kipande cha utumbo, akaanzishiwa dawa. Sasa tunaishi kwa vipimo.

Haya ni pambo letu. Lakini Bi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza mambo ya dini yao. Sisi itatuzuiaje kuuliza kuhusu miili tuliyopewa amana?

Basi mwari, ukiona damu chooni, choo kimebadilika kwa wiki kadhaa, au unakonda bila sababu, sema. Bawasiri nayo hutoa damu, ndiyo maana kujikisia hakutoshi. Nenda ukapimwe.

Na mama mdogo wangu mumuombee dua.