Andika Saa, Mwanangu

Maji yaliingia nyumbani kwetu usiku, Novemba 1997. Kilichoniamsha ni sufuria ya mama, iliyokuwa ikielea gizani na kugonga mguu wa kitanda. Niliposhusha mguu, yakanifika gotini.

Kijiji chetu kiko ukingoni mwa Tana, kati ya Hola na Garsen. Sisi Wapokomo hatuyachukii mafuriko. Mto ukipanda na kushuka huacha tope, na kwenye tope lile ndipo tunapopanda mpunga. Babu aliyaona yale ya 1961. Jioni alichomeka kijiti ukingoni, alfajiri akakisoma. Lakini tangu Kindaruma hadi Kiambere, mabwawa yaliyoanza kazi huko juu kati ya 1968 na 1988, alisema kijiti hakisemi kweli tena: mto unapanda bila mvua, na mvua inanyesha mto usipande.

Hapa ndipo moyo wangu unapokwama hadi leo. Maji ya bara hayafiki kwetu kwa saa moja. Huchukua siku kadhaa. Aliye juu akiona mto umefura, ana siku za kutuma gari, za kutangaza redioni na kutaja vijiji kwa majina. Na mvua zile hazikuja kwa siri. Tangu katikati ya mwaka ilijulikana kwamba bahari ya Pasifiki imepata joto na El Niño inakuja. Sisi tuliletewa barua moja kutoka ofisi ya umma, ikiwataka wakazi wa mabondeni wachukue tahadhari. Lini? Waende wapi? Haikusema. Chifu aliipokea mto ukiwa tayari shambani.

Tulikaa miezi minne kwenye mwinuko wa mchanga. Barabara zilikatika, chakula kikashushwa kwa helikopta, na kutoka Garissa zikaja habari za homa ya Bonde la Ufa.

Februari 1999 nilifika Mombasa kwa wakili, na daftari nilimoandika hasara ya kila kaya.

"Mwalimu," akaniambia kwa upole, "mmechelewa."

Dai la madhara dhidi ya Serikali au serikali ya mtaa, akanieleza, hufunguliwa ndani ya miezi 12. Nikahesabu: minne mchangani, mingine tukijenga na kutafuta mbegu. Sheria inayohesabu siku hizo inamlinda aliye pakavu.

Kama tungewahi, ilikuwepo kanuni ya Waingereza, kesi ya Rylands dhidi ya Fletcher ya 1868: aliyekusanya maji mengi kwenye ardhi yake, yakimtoroka, hubeba hasara. Lakini mshtakiwa anaweza kujitetea kwamba ilikuwa kudura ya Mungu. Na sisi tungethibitishaje yapi maji ya mvua na yapi ya bwawa? Vitabu vya vipimo vya mto havikuwa mikononi mwetu.

Katiba ya 2010, kifungu cha 70, inamruhusu anayetetea haki ya mazingira safi aende kortini bila kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe ameumia. Siku niliposoma hayo nililitoa daftari sandukuni. Kaya ya kwanza ni yetu: magunia 9 ya mpunga, kuku 14, migomba yote. Thamani haipo; mama alinikataza kuiandika.

"Andika saa, mwanangu," alisema. "Andika kwamba tulikuwa tumelala."