Kigari cha biharusi: cha umeme au cha petroli?



Tangu tuanze kukodisha kile kigari cha gofu pamoja na magauni, suali tunaloulizwa zaidi si la bei. Tunaulizwa kwa nini tulinunua cha umeme, na hali kila mtu hapa Unguja anaujua umeme wetu ulivyo. Wanaouliza wengine ni mabiharusi wanaochaguzishwa vigari na hoteli, wengine ni wenzetu wa mapambo wanaotaka kununua chao. Leo tuwajibu wote pahala pamoja.

Kwanza kigari chenyewe ni cha nini, maana wapo wanaoona ni israfu tu. Na kweli, harusi ya nyumbani au ya ukumbi wa mjini, gari likafika mpaka mlangoni, hakihitajiki, na sisi huwa tunamwambia mteja hivyo hivyo. Lakini siku hizi harusi nyingi zimehamia hoteli za pwani. Chumba cha kuvalia kiko mwisho huu, pahala pa wanawake pako mwisho ule, na katikati ni njia ya mchanga na mawe, wahudumu wanapita, wageni wanapita, wanaume wamekaa. Biharusi ana gauni lenye mkia wa mita tatu, shela, dhahabu, viatu virefu. Atapitaje bila ya kuonekana na kila mtu na bila ya kubebwa? Kigari chetu kina pazia pande zote, tumelishona wenyewe, na dereva ni mwanamke. Na kabla ya biharusi kuna bibi yake, magoti hayamchukui tena, ambaye zamani angeambiwa abaki nyumbani atumiwe picha. Kwa bibi tu kigari kinatosha kuwa na maana.

Sisi ni mawifi wawili, duka moja. Fedha ya kigari ilikuwa ya zamu zetu mbili za mchezo, nasi tulikuwa tumeiwekea nia ya cherehani ya kudarizi. Muuzaji mmoja alitaka tuchukue kigari kwa mkopo, na kila mwezi tukichelewa deni liongezeke. Kuuza kwa mkopo kwa bei ya juu kidogo iliyokubaliwa tangu mwanzo, masheikh wengi wameruhusu. Lakini nyongeza inayokua kwa sababu umechelewa, hiyo ndiyo riba yenyewe, hata ikipewa jina zuri. Tukamshukuru tukaondoka. Kwa hivyo tulikuwa na fedha ya kigari kimoja tu, taslimu, na tukichagua vibaya hakuna cha pili.

Na hapo ndipo tulipokhitilafiana. Mmoja wetu alitaka cha petroli na hasikii la mtu. Mwengine alitaka cha umeme. Wiki tatu duka zima lilikuwa petroli na betri, mafundi wetu wakachoka.

Hoja ya petroli haikuwa ya kijinga. Nyinyi mlio wadogo labda hamkumbuki, lakini mwaka 2008 Unguja ilikaa karibu mwezi mzima bila ya umeme, kisha Disemba 2009 umeme ukazimika tena mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Waya wa chini ya bahari kutoka bara ulikuwa umechoka. Sisi wakati ule tumeshamaliza skuli, tumo kwenye kozi ya ushonaji, na tulishuhudia kwa macho: fundi mwenye cherehani ya mguu anashona, fundi mwenye cherehani ya mota amekaa barazani. Mtu aliyeona hayo akiwa kijana, ukimwambia anunue chombo cha umeme anakutazama hivi. Mambo yalibadilika 2013 ulipokuja waya mpya wa megawati 100, kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba, lakini kukatika kwa saa mbili tatu tunakujua mpaka leo. Na biharusi hawezi kuambiwa asubiri umeme urudi. Tumepokea fedha yake, tumefunga mkataba, na aya ya mwanzo ya Suratul Maida inatuamrisha kutimiza mikataba. Hilo kwetu lina uzito kuliko bei ya mafuta.

Kilichotugeuza ni nguo. Tulikodi kigari cha petroli kwa harusi moja ili tukijaribu, na kwa mwendo hakikuwa na kosa. Lakini injini ya vigari vile inakaa nyuma, chini ya kiti, na bomba la moshi liko huko huko nyuma. Sasa mkia wa gauni unakusanywa wapi? Nyuma. Neti nyingi tunayoshonea ni ya nailoni au poliesta, na aliyewahi kuipitishia pasi ya moto anajua: haiungui kama pamba, inanywea na kuyeyuka, na pahala hapo hapatengenezeki. Bomba la moshi lililotembea lina moto kuliko pasi. Njia nzima mmoja wetu alikuwa ameushika mkia mkononi kama mtoto mchanga.

Halafu harufu. Biharusi wa Kizanzibari amefukizwa udi siku ngapi, nguo zimefukizwa, nywele zimefukizwa, asumini kichwani, na somo wake hajalala. Dakika tano nyuma ya injini, shela limenusa petroli. Wapo watakaosema ni jambo dogo. Sisi tunauza nguo za harusi, si jambo dogo.

Na vile vile vingi vya petroli injini inazima ukisimama, ukikanyaga inawaka tena kwa kushtua. Kwa kijana anayecheza gofu si kitu. Kwa bibi wa miaka themanini ni kitu. Cha umeme kinaondoka polepole bila ya sauti, na ukipita karibu na msikiti wakati watu wanasali Isha huoni haya.

Lakini msidhani cha umeme hakina madhara kwa nguo. Betri za kawaida za vigari hivi ni za risasi na asidi, na tone moja la asidi kwenye pamba hulioni siku ile. Unaliona ukishafua: tundu. Kwa hiyo kanga ya kufanyia kazi ya betri ni moja, ya zamani, na haiingii chumba cha nguo. Betri zina mfuniko wake, na anayezihudumia hagusi gauni siku hiyo. Na jengine, ambalo tunaliandika kwa herufi kubwa vichwani mwenu: betri ikichajiwa inatoa hidrojeni, nayo inalipuka. Chetezo kisisogee karibu, wala isichajiwe ndani ya chumba kilichofungwa. Petroli nayo ni vivyo hivyo. Udi na vigari havikai pamoja.

Tukaja kwenye hesabu. Kigari chetu ni cha volti 48, betri sita za volti 8. Zikijaa zinabeba kiasi cha yuniti 8, na wenye kujua wanasema usizitumie kupita nusu, ndipo zitakaa. Maana yake ni yuniti 4 kwa harusi nzima, na kuzirudisha unatumia kama yuniti 5 kwa sababu nyengine zinapotea kwa joto. Piga mwenyewe na bei ya Tukuza yako, kisha linganisha na petroli ambayo bei yake ZURA inaitangaza upya kila mwezi. Kuchaji ni usiku mzima, saa nane hivi. Na hapo ndipo hofu ya 2010 ilipopata jawabu: kigari cha umeme hakihitaji umeme siku ya harusi, kinahitaji umeme wa jana. Tukakubaliana kwamba kinachajiwa siku mbili kabla, si usiku wa kuamkia. Ukikatika usiku mmoja, upo mwengine. Mwenzetu wa petroli alikubali kwa sharti hilo, na yeye ndiye anayekagua. Volti zikipimwa kigari kimepumzika zikawa karibu 51, betri zimejaa. Zikisoma 48, imeshafika nusu au chini yake, na hakitoki.

Sasa ukweli wa upande wa pili. Betri moja ina kilo 28 hivi, sita ni kama kilo 170, watu wazima wawili waliokaa chini ya kiti hawashuki. Kwenye mchanga laini kinazama. Kukipakia kwenye kirikuu ni kazi ya wanaume wanne na mbao nzuri. Sisi hatukipitishi barabara kuu hata hatua moja, si chombo cha barabarani, kwa hiyo kupakia ni kila harusi. Kama kazi yako ni shamba, milima ya Pemba, safari nyingi siku moja, au pahala umeme unakuja kwa bahati, nunua cha petroli na wala usione vibaya. Unajaza dakika mbili unaondoka. Ila ukubali oili, plagi, chujio, na fundi wa pikipiki awe rafiki yako.

Hewa ya bahari haina rafiki. Vichwa vya betri vinaota unga wa kijani na mweupe, tunasafisha kwa magadi soda na maji, tunakausha, tunapaka girisi. Maji ya kuongeza ni yale ya chupa ya betri yasiyo na chumvi. Si ya bomba, na ya kisima ndiyo kabisa, visima vyetu tunavijua. Tunaongeza baada ya kuchaji, si kabla, vinginevyo yanafurika na asidi inamwagika.

Ramadhani harusi hakuna, kigari kinalala. Cha umeme ukikiacha na betri tupu mwezi mzima unaziua, kwa hiyo kinaingia Ramadhani kimejaa na katikati ya mwezi tunakitazama. Cha petroli nacho mafuta yakikaa muda mrefu yanaganda kwenye kabureta. Ikifika Mfungo Mosi simu zinaanza kabla ya sitta kwisha, na hakuna muda wa kutafuta fundi.

Anayetaka kununua kilichotumika, atazame betri kabla ya rangi. Kigari cha umeme cha bei rahisi sana mara nyingi betri zake zimekufa, na betri sita mpya zinaweza kukufilisi. Vichwani mwake hupigwa alama ya lini zimetengenezwa, mwambie fundi akusomee.

Na wewe biharusi unayepewa kigari na hoteli, huna haja ya yote haya. Uliza ni cha nini. Kikiwa cha petroli, kaa kiti cha mbele, mkia uuvute mapajani, na umwambie somo asiufungie nyuma. Kikiwa cha umeme, uliza kimechajiwa lini. Vyovyote, uliza dereva ni nani, na mapema, si siku ile.

Betri zetu zina mwaka wa nne sasa na zimeanza kuchoka. Mmoja wetu anataka za lithiamu, nyepesi, hazitaki maji wala hazina asidi ya kutoboa kanga. Mwengine anasema kwa bei hiyo ile cherehani ya kudarizi ingekuwa imeshafika dukani. Mchezo unaanza tena mwezi ujao, na zamu ya kwanza bado hatujajua ni ya nani.