Kutoka Plagi Nyeupe hadi P0171

Gerezani, Dar es Salaam, miaka ya 1980, tulikuwa tukiifungua plagi injini ingali ya moto na kuitazama ncha yake juani. Ikiwa ya kahawia, gari zima. Ikiwa na masizi, mafuta yamezidi. Ikiwa nyeupe na kavu, fundi aliyenifunza kazi alisema, "Kijana, kuna hewa inaingia pasipo mlango."

Wenye magari walifurahi kusikia injini yao inapata mafuta kidogo, wakidhani ni kubana matumizi. Tuliwakatalia. Petroli huungua vizuri ikipata hewa yapata mara 14.7 ya uzito wake. Hewa ikizidi sana, moto huchelewa kuisha, joto hupanda, na valvu za ekzosi huungua. Basi tulinyunyizia maji kuzunguka gasketi ya manifodi huku injini ikinguruma. Mlio ukibadilika, tundu limepatikana. Lisipopatikana, tulizibua jeti za kabureta, kisha bisibisi na sikio vikamaliza kazi.

Nilipoanza kazi katika gereji moja ya Scarborough, Toronto, mwishoni mwa miaka ya 1990, kabureta zilikuwa zinatoweka. Sensa ya oksijeni, ambayo Volvo iliifunga kwenye magari yake kwa mara ya kwanza mwaka 1976, ilikuwa imeenea kila mahali. Kompyuta ya gari husoma habari zake, huongeza mafuta kwa asilimia fulani, na ikishindwa kufidia huwasha taa na kuandika msimbo P0171, yaani hewa imezidi mafuta. Mwaka 1999 jimbo la Ontario likaanzisha ukaguzi wa moshi, Drive Clean, na hewa iliyozidi ikawa jambo la sheria. Kuanzia 2013 wakaguzi waliacha kupima bomba la moshi kwa magari mengi, wakawa wanasoma kompyuta tu. Ukaguzi huo ulifutwa kwa magari madogo Aprili 2019. Taa hazikufutwa.

Januari ndiyo huzijaza gereji. Baridi hukakamaza mipira na kuisinyaza gasketi. Asubuhi injini inatetemeka, ikipata joto inatulia. Mama mmoja kutoka Mombasa alinijia na uchungu: "Fundi, nimeshalipa sensa mpya kwingine, na taa imerudi." Nilizitazama zile asilimia za mafuta yanayoongezwa na kompyuta. Injini ikinguruma bila kukanyagwa zilikuwa juu mno. Nilipoipandisha hadi mizunguko 2,500 kwa dakika zikashuka. Hiyo ni dalili ya tundu. Zingepanda kadiri gari linavyobebeshwa mzigo, ningeanza na pampu ya mafuta, filta, au sensa ya hewa iliyochafuka. Nikaunganisha mashine inayosukuma moshi kwenye njia ya hewa ya injini, na moshi ukachomoza nyuma ya injini, kwenye mpira mdogo uliopasuka. Sensa yake ya zamani ilikuwa ikisema kweli tangu mwanzo.

Gharama hiyo ya bure inaniuma, kwa sababu P0171 haitaji kifaa kibovu. Inasema yaleyale yaliyosemwa na plagi nyeupe, na bado ni lazima mtu autafute mlango.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, taa hiyo ikikuwakia, mwombe fundi akuonyeshe asilimia hizo injini ikiwa taratibu na ikiwa kwenye mizunguko 2,500, kisha akuonyeshe moshi wa mashine unapotokea. Kabla ya hapo, usikubali kulipia sensa.