Taa ya Ng'ambo
Nilipokuwa mtoto Singida, mama alizoea kuketi mlangoni usiku akiingoja taa ya baba ng'ambo ya ziwa Singidani. Kwa kuwa aliujua ukali wa taa ile, kufifia kwake kulimwambia umbali. Mwaka 1912 Henrietta Leavitt wa Marekani alionyesha, kwa nyota 25 za Wingu Dogo la Magellan ambazo nuru yake hupwa na kujaa, kwamba kadiri mzunguko ulivyo mrefu ndivyo nuru halisi ilivyo kali. Basi ajuaye mzunguko huijua taa, na kufifia kwake humpa umbali. Mama hakusoma, wala hakuyasikia hayo. Mimi nilipewa shahada ya udaktari, lakini mwalimu wangu wa kwanza sikumshukuru angali hai.