Ukienda Kericho na gari kubwa, chunga nyuma

Huenda yako ni mojawapo ya zile familia za mjini ambazo siku hizi, likizo ya shule ikifika, hukodi gari lenye vitanda na meko ndani, au humwita fundi ageuze matatu kuukuu kuwa nyumba ya magurudumu. Raha ya gari kama hilo ni kwamba mnalala mnapotaka na chai mnajipikia wenyewe. Taabu yake ni kwamba dereva akitazama kioo cha katikati haoni barabara. Anaona kabati, pazia na magodoro. Ikiwa mnapanga kulipeleka nchi ya majani chai, Kericho na Bomet, basi kamera ya nyuma na ya ubavuni si anasa. Hebu tuandamane katika safari hiyo, nawe utajionea sababu.

Kutoka Nairobi hadi Kericho kupitia Nakuru ni kilomita 260 hivi. Ukifika Mau Summit njia hugawanyika: moja yaenda Eldoret, nyingine yashika kushoto kuelekea Kericho. Mbele kidogo utapita makutano ya Londiani. Hapo ndipo, tarehe 30 Juni 2023, lori lililoshindwa kudhibitiwa lilipogonga matatu, bodaboda na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara, na watu zaidi ya 50 wakafariki. Hakuna kamera ambayo ingezuia msiba ule. Hata hivyo, mgeni anafaa kujua jambo moja mapema: katika sehemu hizi ukingo wa barabara ndio soko, ndio stendi, na ndio njia ya wanafunzi. Ukitaka kuegesha, unaingia mahali ambapo watu tayari wako.

Kericho yenyewe iko mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Asubuhi jua hung'aa, na alasiri, mara nyingi, mvua hunyesha. Hali hiyo ndiyo iliyowavuta wenye makampuni ya chai kufungua mashamba makubwa hapa katika miaka ya 1920. Leo ukisimama juu ya kilima utaona zulia la kijani kibichi likishuka na kupanda hadi macho yachoke, na mikaratusi imesimama pembeni ikingoja kuwa kuni za viwandani.

Uzuri huo una barabara zake. Ukiacha lami, utaingia njia nyembamba za udongo mwekundu. Chai imepandwa hadi ukingoni, na kati ya chai na barabara pana mtaro wa kupitisha maji ya mvua. Udongo ukilowa huteleza kama sabuni. Sasa fikiri: Kenya twaendesha kushoto, na usukani uko kulia. Gurudumu lililo karibu na mtaro ndilo lililo mbali kabisa na jicho la dereva. Ndiyo sababu nakushauri, ikiwa pesa zako zatosha kamera mbili, moja iwe ya nyuma na ya pili iwekwe ubavu wa kushoto.

Lakini mtaro huvunja ekseli tu. Kubwa zaidi ni watu. Wakulima wadogo hupeleka majani yao, yale mawili na chipukizi, kwenye vituo vidogo vya kupimia vilivyo kando ya njia. Akina mama huja na vikapu mgongoni, wazee hukaa wakipiga gumzo, na watoto hucheza huku wakingoja mizani. Majani mabichi hayangoji, hivyo lori la kiwanda likifika huwa na haraka. Gari lenu nalo, likikutana na lori hilo kwenye njia nyembamba, ndilo litakalolazimika kurudi nyuma. Mtoto wa miaka mitatu akisimama karibu na bampa la nyuma, hakuna kioo kitakachomwonyesha.

Wenzetu wa Marekani walijifunza jambo hili kwa machozi. Mwaka 2002, katika jimbo la New York, mtoto wa miaka miwili aligongwa na kufa nyumbani kwao gari lilipokuwa likirudi nyuma. Aliyekuwa kwenye usukani ni baba yake mzazi, tena daktari wa watoto. Sheria iliyotiwa sahihi mwaka 2008 ilipewa jina la mtoto huyo, na tangu Mei 2018 kila gari jipya dogo linalouzwa nchini humo lazima liwe na kamera ya nyuma. Huko Japani, Toyota Soarer ilikuwa na kamera ya namna hiyo tangu 1991. Ndiyo maana magari mengi ya mitumba yanayoteremshwa Mombasa huja nayo tayari, ingawa maandishi ya skrini huwa ya Kijapani.

Je, kama gari lenu halina? Fundi wa umeme wa magari aweza kuifunga kwa siku moja. Kwanza aulize betri ni ya volti 12 au 24, kwani mabasi na malori mengi hutumia 24, na kamera ya 12 itaungua. Waya wa moto wa kamera huungwa kwenye taa ya kurudi nyuma, ili ukitia gia hiyo, picha ijilete yenyewe. Ile ya ubavuni huungwa kwenye indiketa ya kushoto. Waya wa picha hupitishwa chini ya zulia hadi kwenye dashibodi, na skrini hupewa fyuzi yake. Kila tundu linalotobolewa kwenye bati livishwe raba ili waya usikatwe, kisha lizibwe kwa silikoni, maana mvua ya Kericho haisamehe tundu lililo wazi. Kamera ikae juu, imeinama kiasi kwamba ukingo wa bampa unaonekana chini ya picha. Picha ya nyuma nayo igeuzwe kama ya kioo, ili kushoto kubaki kushoto.

Kabla ya safari, pangeni mitungi ya maji nyuma ya gari kwa hatua za mita 1, 2 na 3, kisha dereva aitazame kwenye skrini. Atashangaa. Lenzi hizi huona eneo pana, kwa hiyo hufanya kitu kilicho karibu kionekane kiko mbali. Isitoshe, tone moja la tope laweza kulipofusha jicho hilo. Katika barabara za huku, lipanguse kila mnaposimama.

Mei 2023 wakazi wa Kericho walichoma mashine za kuchuma chai, wakilalamika kwamba zimewanyang'anya kazi. Ugomvi huo ni mrefu na si wa safari hii, ila kamera isimwondoe mtu kazini. Tazama malori ya chai: utingo huruka chini, husimama mahali dereva anapomwona, kisha huita, "Rudi! Rudi! Kata! Simama!" Yeye huona mtoto anayekuja mbio kutoka kwenye chai kabla hajaingia kwenye picha. Familia yenu nayo iwe na utingo wake, awe mtu mzima au kijana mkubwa.

Baada ya hapo safari ni tamu. Kutoka Kericho shikeni njia ya Litein na Kapkatet, na Kaplong mkate kushoto kwenda Bomet. Salamu ya wenyeji ni "Chamgei", nawe hujibu "Chamgei mising". Ukikaribishwa mursik, yale maziwa ya kibuyu, usikatae. Karibu na Bomet kuna maporomoko ya Tenwek kwenye mto Nyangores, na maji hayo ndiyo huizalishia umeme hospitali ya Tenwek iliyo jirani. Kutoka hapo mwaweza kurejea Nairobi kupitia Narok.

Na kila mnapoondoka mahali, liwe ni kituo cha majani au ua wa mwenyeji wenu, utingo ashuke, azunguke gari lote, ahesabu watoto wenu na wa mwenyeji. Hesabu ikitimia, ndipo dereva atie gia ya nyuma.