Safari ya Daudi: Kompyuta kwa Fedha Chache

Atokaye Arusha kwenda Mbulu hupita Makuyuni na Mto wa Mbu, akaupanda ukuta wa Bonde la Ufa huku Ziwa Manyara likibaki chini yake, akafika Karatu, kisha akageukia kusini. Njia hiyo ndiyo iliyotufikisha Daudi, katika nchi ya Wairaqw, ambako asubuhi mtu hathubutu kutoka bila koti. Zamani nchi hii ilihesabiwa katika Mkoa wa Arusha, mpaka ulipoundwa Mkoa wa Manyara mwaka 2002.

Wairaqw wamesifika tangu zamani kwa kulima ardhi finyu kwa uangalifu. Samadi ya zizini hurudishwa shambani, na mwenye ng'ombe wengi huwagawa kwa watunzaji mbalimbali, ili msiba ukishuka usiwapate wote mahali pamoja. Watu wa namna hii hawahitaji mgeni awafundishe kukitumia kidogo vizuri. Hata hivyo, nyumba tuliyofikia ilikuwa katika shauri zito, na shauri lenyewe lilikuwa la kompyuta.

Kijana wa nyumba hiyo alikuwa ameahidiwa shilingi laki tisa, baada ya kuuzwa vitunguu saumu, ili aunge kompyuta ya kuchezea michezo. Kisha dada yake akapata nafasi chuoni, na laki tatu zikaenda katika ada. Zikabaki sita. Kijana hakugomba, ila alinyamaza siku mbili, na mama yake akaingiwa na hofu asije akakopa kwa siri katika simu. Mzee akatuambia, "Zungumzeni naye, lakini msimvunje moyo."

Twasema kwanza kwamba taifa zima limewahi kulikabili shauri kama hili. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuziingiza nchini bila kibali. Leo marufuku hayo hayapo. Lililobaki ni kila nyumba kujipimia yenyewe.

Tulimwomba kijana atuoneshe orodha yake. Juu kabisa aliandika sanduku la kioo lenye taa za rangi, kisha kadi kubwa ya picha. Kifaa cha kugawa umeme alikiweka mwisho, kwa fedha zitakazosalia. Hapo ndipo palipokuwa na kosa. Kadi ya picha ndiyo inayochora michezo, kweli, lakini hula umeme kuliko vifaa vingine, na kigawa umeme dhaifu kikizidiwa huizima mashine au huiharibu. Orodha ikapinduliwa: kwanza kile kinachobeba vingine, mwisho kile kinachopendeza macho.

Kwa laki sita, kununua kila kifaa kipya haikuwezekana. Njia iliyo karibu ni kompyuta za ofisi zilizotumika, kama Dell OptiPlex na HP EliteDesk, ambazo huuzwa kwa wingi mijini. Lakini nazo zina masharti. Yapasa kuchagua lile umbo refu la mnara, kwa maana yale masanduku membamba hayapokei kadi ya kawaida. Vigawa umeme vyake vingi ni vya wati 180 hadi 300 hivi, na tundu la kadi hutoa wati 75 tu. Kwa hiyo hutafutwa kadi inayotosheka na wati hizo bila waya wa ziada, kama GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, au zile GTX 1650 za mwaka 2019 zisizodai waya huo.

Hali kadhalika prosesa. Windows 10 ilifikia ukomo wa matengenezo yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel hudai, kwa jumla, kizazi cha nane na kuendelea. Mashine za kizazi cha sita na cha saba huuzwa kwa bei ya kuvutia, na mnunuzi aijue sababu kabla hajafurahi.

Na vipi kadi iliyotumika? Mwezi Septemba 2022 sarafu ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za picha, na kadi nyingi zilizofanya kazi usiku na mchana zikaletwa sokoni. Dini yetu humtaka muuzaji aitaje aibu ya bidhaa yake. Mnunuzi naye asione haya kuomba iwashwe mbele yake na mchezo uchezwe nusu saa.

Tulipomaliza hesabu, shauri likawa hivi: anunue sasa mnara wa kizazi cha nane, wenye diski isiyozunguka na kumbukumbu ya gigabaiti 8, pamoja na kioo kilichotumika na kifaa cha kuilinda dhidi ya umeme unaokatika. Picha zitachorwa na prosesa yenyewe. Michezo mizito itamshinda, myepesi itachezeka. Mavuno yajayo aongeze kumbukumbu, na yanayofuata anunue kadi. Baridi ya Daudi itamsaidia kuipoza mashine, lakini vumbi la kiangazi litamdai brashi kila mwezi.

Kijana aliitazama karatasi kitambo, kisha akauliza, "Na kazi za chuo za dada, itaziweza?" Tukamjibu kwamba itaziweza tangu siku ya kwanza, kabla hata ya kadi. Mzee hakusema neno. Alimkabidhi mwanawe zile laki sita azihesabu mwenyewe.

Enyi vijana, kadi itangojea. Deni halingojei.