Kiungo Kilichokatika

Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Mwaka jana nilipewa kazi ya kusafisha kompyuta ya Linux ya chama chetu. Nikaandika find . -xtype l, nikaona viungo 40 vilivyokatika, yaani vinavyoelekeza kwa faili isiyokuwepo. Nikavifuta vyote chapchap. Lo! Kumbe insha zenyewe zilikuwa kwenye flashi ya mwalimu, nayo haikuwa imechomekwa! Insha zilisalimika, kwani kufuta kiungo hakufuti faili, lakini mpangilio wetu wote ulipotea. Nilimwendea mwalimu, nikakiri. Tulivirudisha kimoja kimoja kwa ln -s, jioni mbili nzima. Wenzangu, orodhesheni kwanza, chomekeni kila diski, mwulizeni mwenye faili, ndipo mfute.